Programu ya Kushusha Video Ikigeuka Mpiga Debe

Dada yangu ni fundi cherehani, na dukani kwake kuna kila kitu isipokuwa mtandao wa kutegemea. Mishono mipya anaitafuta YouTube: kukata kola ya kusimama, kutia zipu isionekane, kupanga marinda yasiende upande. Usiku ananunua bando la usiku na kushusha video tano au sita. Mchana anazitazama kwenye laptopu ya zamani niliyompa, iliyowekwa kando ya ovaloki, akisimamisha na kurudisha nyuma huku mkasi uko mkononi.

Programu niliyomwekea ilikuwa nzuri. Unanakili kiungo cha video, unakibandika, unachagua ukubwa, basi. Haikukwama hata siku moja. Wiki ya pili akanipigia simu: "Mdogo wangu, hii laptopu yako inanidai hela. Nimlipe nani?"

Nilipofika nilikuta dirisha jekundu katikati ya skrini. Punguzo la asilimia 60, leseni ya maisha, na saa inayohesabu kurudi nyuma: 14:32, 14:31, 14:30. Kitufe cha kununua kilikuwa cha kijani, kikubwa kama soli ya kandambili. Cha kukataa hakikuwa kitufe hata kidogo, bali mstari wa maandishi ya kijivu juu ya rangi ya kijivu, uliosema kitu kama "hapana, mimi acha niendelee kusubiri". Wateja wawili waliokuja kuchukua nguo zao walikuwa wakiitazama ile saa kwa wasiwasi zaidi kuliko mimi. Nikalifunga dirisha, nikazima programu, nikaiwasha upya. Saa ikaanza tena: 15:00.

Aliyewahi kusafiri kutoka stendi yoyote ya mkoa anamjua mtu huyu. Basi ni zima, linakwenda unakokwenda, na nauli inajulikana. Lakini kuna mpiga debe ameshaushika mkono wa begi lako, anaapa gari linaondoka sasa hivi, na dereva yuko kwa mama lishe anamalizia chai. Kosa la wengi ni kuchagua moja kati ya mawili: kumkimbia mpiga debe na kukosa basi, au kupanda basi na kumwachia begi. Yafuatayo ni ya kukusaidia upande ukiwa na begi lako.

Unachouziwa hasa

Ukijua kazi inavyofanyika, vitisho vya lile dirisha jekundu hupungua nguvu. YouTube haiweki video ya kiwango cha juu kama faili moja. Picha iko peke yake, sauti iko peke yake, na kivinjari chako ndicho kinachozicheza pamoja. Programu ya kushusha ina kazi tatu: kuusoma ukurasa hadi ipate vipande vilipo, kuvishusha, kisha kuvishona viwe faili moja. Kama umewahi kushusha video safi ikatoka bubu, ulipewa kitambaa cha mbele bila cha nyuma.

Kushona kumetatuliwa zamani. ffmpeg, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard, hufanya kazi hiyo bure, na iko ndani ya programu nyingi mno za video. Kazi isiyoisha ni ile ya kusoma ukurasa, kwa sababu YouTube hubadilisha mambo kila mara na programu iliyofanya kazi jana leo inagoma. Kwa hiyo unapolipa, hulipii video. Unalipia madirisha yaliyopangika na mtu wa kukarabati kila YouTube inapobadilika. Hiyo ni huduma halali, na mimi sina ugomvi na fundi anayetaka ujira wake.

Ugomvi unaanzia kwenye hesabu. Ukarabati ni wa kila mwezi, lakini mteja aliyelipa mara moja hataki kulipa tena. Ndipo zinapozuka hila: usajili unaojihuisha wenyewe, programu ndugu ya kugeuza sauti, nyingine ya kurekodi skrini, nyingine ya kusafisha takataka ambazo hukujua unazo. Na "leseni ya maisha". Mimi niliinunua moja miaka iliyopita, nikajiona mjanja. Namba ya toleo ilipobadilika ikaja barua pepe ya kunipongeza na kunieleza kwamba maisha niliyonunua yalikuwa ya toleo lililokwisha. Walikuwa wameandika, ni kweli, kwa herufi za ukubwa wa punje ya ulezi chini kabisa ya ukurasa.

Mbunifu Mwingereza Harry Brignull alianza mwaka 2010 kuzikusanya na kuzipa majina hila za namna hii: kitufe kinachokusuta ukikataa, kisanduku kilichokwisha kutiwa alama kabla hujafika, mlango wa kuingia mpana na wa kutoka mwembamba. Nakushauri ufanye kama yeye. Ukiona hila, itaje kwa sauti, "hii ni saa ya uongo". Dada yangu sasa huwaambia wateja hivyo, nao hucheka.

Kabla hujaiweka

Ingia tovuti ya watengenezaji wenyewe. Usibonyeze tokeo la kwanza la utafutaji, maana mara nyingi hilo ni tangazo, na usitumie maghala ya programu yanayokusanya kila kitu. Mwaka 2011 ghala maarufu la Download.com lilibainika kuifunga programu huria ya Nmap ndani ya kisakinishi chake chenyewe kilichobeba upau wa matangazo, bila idhini ya mwandishi wa Nmap, naye akapiga kelele hadharani. Mchezo huo haujafa. Kwa hiyo unapoisakinisha usichague njia ya haraka. Chagua iliyoandikwa Custom au Advanced, soma kila ukurasa, na ondoa alama kwenye kila kisanduku kinachotaja kitu ambacho hukukifuata. Faili ikikutia shaka, ipandishe kwanza VirusTotal, ambako hupimwa na programu nyingi za kukinga virusi kwa mpigo.

Kisha ipe mtihani mmoja kabla hujaizoea. Chukua video fupi ya dakika mbili, ishushe kwa kiwango cha juu kabisa inachoruhusu bure, ufungue faili. Sauti ipo? Ukubwa ni ule uliouchagua? Kuna maandishi ya tangazo yamepigwa juu ya picha? Kikomo cha siku ni video ngapi? Majibu hayo utayapata kwa bando dogo sana, nayo yatakuambia mengi kuliko ukurasa mzima wa nyota tano. Jaribio la bure linalotaka namba ya kadi mimi siliiti la bure. Ni deni lenye tarehe.

Neno moja la haki, maana usipolisikia kwangu utalisikia kwingine. Masharti ya YouTube hayaruhusu kushusha video isipokuwa pale huduma yenyewe inapokupa kitufe cha kufanya hivyo, au pale YouTube na mwenye kazi wanapokupa ruhusa. Na kuzinakili nyimbo au filamu za watu ili uziuze kwenye flashi ni kuvunja sheria za hakimiliki, iwe Tanzania zinakosimamiwa na COSOTA au Kenya zinakosimamiwa na KECOBO. Kuna mengi ambayo kwa upande wa hakimiliki hayana utata: video zako mwenyewe, zilizotolewa kwa leseni ya Creative Commons, zilizo huru kwenye hazina kubwa ya Internet Archive, na zile za Vimeo ambazo mwenyewe ameweka kitufe cha kupakua. Kwa zilizobaki, omba. Dada yangu aliwaandikia wenye video anazozipenda. Wawili walijibu siku hiyohiyo, na mmoja akamtumia hadi patani ya gauni.

Kwenye simu hali ni mbaya zaidi

Kwenye kompyuta unabughudhiwa. Kwenye simu unaweza kuibiwa. Watu wengi hawaweki programu yoyote: wanaingia tovuti ya kugeuza video, wanabandika kiungo, na wanakutana na vitufe vitatu vya kupakua ambavyo viwili ni matangazo. Kabla ya hapo kinatokea kidirisha kinachosema bonyeza Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Hicho hakithibitishi chochote. Ni ombi la kukutumia arifa, na ukikubali simu itaanza kukuambia usiku na mchana kwamba ina virusi 17, kwamba umeshinda, kwamba mtu fulani jirani anataka kuzungumza nawe.

Dawa yake iko hivi, na inachukua dakika moja. Fungua Chrome, nenda Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Zizuie zote usizozitambua. Nimewafanyia watu wengi kazi hiyo kwenye foleni za benki na misibani, na karibu wote walidhani simu yao inahitaji kufutwa yote.

Halafu kuna programu za Android ambazo hazimo Play Store, zinazopitishwa kutoka simu hadi simu. Mwaka 2019 kampuni ya usalama ya Upstream ya London iliripoti kwamba Snaptube, iliyokuwa kwenye mamilioni ya simu, ilikuwa ikibonyeza matangazo kimyakimya na kuwaandikisha watumiaji huduma za kulipia bila wao kujua. Upstream ilisema ilizuia maombi zaidi ya milioni 70 ya aina hiyo kutoka kwenye simu milioni 4.4. Wenye Snaptube walieleza kwamba chanzo kilikuwa kipande cha programu cha watu wengine kiitwacho Mango. Kwa mtumiaji wa kawaida alama ya jambo hili ni moja: vocha inaisha bila kupiga simu. Ikikutokea, angalia umeweka nini wiki hiyo, kiondoe, kisha uwapigie watu wa mtandao wako wakusomee huduma ulizojiunga nazo.

Kama simu ndiyo chombo chako pekee, jaribu kwanza kitufe cha kupakua kilichomo ndani ya YouTube yenyewe. Upatikanaji na ubora wake hutegemea nchi na aina ya akaunti, na video hutazamwa ndani ya programu hiyo tu. Waliokuwa wakiitumia YouTube Go, ile nyepesi iliyokuruhusu kumpa mwenzako video bila bando, wanajua tulichopoteza ilipofungwa Agosti 2022. Ilikuwa imetengenezwa kwa watu kama sisi, nami bado naikumbuka kwa uchungu kidogo.

Ukiamua kulipa

Lipa, lakini lipa kama mtu anayenunua kiwanja. Piga picha ya skrini yenye bei, muda na maneno ya punguzo. Angalia kama bei kubwa iliyoandikwa ni ya mwezi huku unachokatwa ni cha mwaka mzima. Tumia kadi ya mtandaoni inayotolewa na huduma ya pesa za simu, kama M-Pesa GlobalPay iliyoanza Kenya mwaka 2022, badala ya kadi ya akaunti yako ya mshahara, na uache kwenye salio inalokata kiasi cha ununuzi huo tu. Usajili hauwezi kujihuisha kwa hela ambazo hazipo.

Siku hiyohiyo, risiti ikiingia kwenye barua pepe, tazama jina la aliyekukata. Mara nyingi si la watengenezaji. Ni la wakala wa malipo kama Paddle, FastSpring au 2Checkout. Watu huhangaika wiki nzima kuwaandikia watengenezaji wanaojibu kwa salamu tu, kumbe kitufe cha kusitisha kiko kwa wakala, na kiungo chake kimo ndani ya risiti. Sitisha kujihuisha papo hapo. Kwa kawaida utaendelea kutumia hadi muda uliolipia uishe, na hutalazimika kukumbuka tarehe.

Kuinyamazisha

Kama programu inafanya kazi na hutaki kuiacha, iwekee mipaka. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Startup na uizuie isijiwashe pamoja na kompyuta. Nenda kwenye mipangilio ya arifa na uizime humo pia. Ndani ya programu yenyewe tafuta kisanduku cha habari na matoleo maalumu, ambacho hukaa mahali usipopategemea. Kwangu kilikuwa chini ya "lugha".

Lakini lililomsaidia dada zaidi ni hili: usitazamie video ndani ya programu ya kushusha. Iwashe kushusha, izime, kisha fungua faili kwa kicheza video cha VLC. VLC ilizaliwa na mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, haina tangazo hata moja, haiuzi kitu, na Jean-Baptiste Kempf anayeongoza mradi huo amesema hadharani kwamba alikataa makumi ya mamilioni ya yuro ili isitiwe matangazo. Dirisha jekundu lilitoweka kwenye saa za kazi, kwa sababu mchana halikuwa na mahali pa kutokea.

Dirisha jeusi

Mwishowe nilimhamisha dada kabisa. Programu inaitwa yt-dlp, ni bure, na haina pa kuweka tangazo kwa sababu haina madirisha yake. Ni mtoto wa youtube-dl, iliyoanza mwaka 2006. Oktoba 2020 chama cha kampuni za muziki za Marekani, RIAA, kilifanya youtube-dl iondolewe GitHub. Novemba mwaka huohuo GitHub iliirudisha na kutenga dola milioni 1 za kuwatetea watengenezaji wa programu huria watakaokumbwa na madai kama hayo. Wakati huo baadhi ya wachangiaji walikuwa wameshachukua njia yao, na yt-dlp ikatoka mapema 2021.

Kwenye Windows za siku hizi fungua Terminal, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, na uandike:

winget install yt-dlp

Hiyo huleta na ffmpeg ya kushonea. Kwa YouTube, tangu mwishoni mwa 2025 inataka pia programu nyingine iitwayo Deno. Ikilalamika kuhusu hiyo, nayo ipo kwa winget. Kushusha video isiyozidi kimo cha 480 ni hivi:

yt-dlp --no-playlist -S res:480 "kiungo"

Alama za kunukuu ni lazima, maana viungo vya YouTube mara nyingi vina alama ya & ambayo dirisha hilo huielewa vingine. Na usiache --no-playlist. Mimi niliiacha mara moja. Kiungo kilikuwa kimetoka katikati ya orodha ya video 80, nikaenda kuoga, niliporudi bando la usiku lilikuwa limekwisha na nina masomo 23 ya kufuma sweta.

Kwa nini 480? Kwa somo la kushona inatosha kuona uzi, na saa moja hula takribani MB 300 hadi 500, wakati 1080 huweza kupita GB 1. Ukitaka sauti peke yake, kama ya mahojiano ya redio, weka -x --audio-format mp3 mahali pa -S res:480. Umeme ukikatika katikati usiogope: andika amri ileile, itaendelea ilipoishia. Siku ikigoma kabisa, usitafute programu nyingine. Ni YouTube imebadilika tena, na mara nyingi winget upgrade yt-dlp inamaliza shida.

Dada aliniambia hataweza kukariri yote hayo. Akachukua kipande cha karatasi ya kaki ya kuchorea patani, akaandika ile amri kwa chaki ya fundi, kisha akaipitia kwa kalamu. Imebandikwa ukutani juu ya ovaloki, kati ya bei za kupunguza suruali na namba ya muuza vifungo. Mahali pa "kiungo" aliacha nafasi tupu, kama anavyoacha pindo.